Marehemu wa Kata ya 22

Jumatatu, 17 Oktoba

Kikao cha chama, chumba cha nyuma cha mkahawa wa Gus Karras. Kahawa ya jana. Wajumbe tisa: wanne walichelewa, mmoja alilala.

Gus, ambaye ni mwenyekiti wetu hapa Harrow Glen, alitoa habari bila hata kusimama. Kaunti imechora mipaka upya. Kuanzia Januari, Kata ya 22 na Kata ya 23 zitakuwa kata moja. Kata moja, mkuu mmoja wa chama. Alisema hataki ugomvi, kwa hiyo ameweka shindano. Jumanne ya tarehe 8 Novemba jimbo letu linachagua mbunge wa Kongresi. Kati ya kata hizi mbili, itakayofikisha asilimia kubwa zaidi ya waliojitokeza kati ya walioandikishwa ndiyo itakayotoa mkuu. Yeye alisema "asilimia nyingi". Nilimsahihisha. Hakushukuru.

Mimi ni mkuu wa Kata ya 22. Miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa Kata ya 23 ni Revati Kulkarni. Miezi kumi na minne.

Revati huibeba kata yake ndani ya simu. Mimi huibeba yangu ndani ya maboksi manne ya viatu: kadi moja kwa kila mpigakura, wino mweusi kwa uchaguzi aliopiga, mwekundu kwa uchaguzi aliokosa. Aliyatazama maboksi akasema, "Mzee Vogt, hizo kadi zako ni za makumbusho." Alisema kwa upole. Ningependelea dharau.

Anajua nini huyu? Nilipopewa kata, kati ya kila watu kumi wa jimbo hili tisa walikuwa weupe, Wapolandi na Wajerumani, Wakatoliki wa kiwanda cha televisheni na wa uwanja wa ndege. Kiti kilikuwa chetu kwa miaka ishirini na sita mfululizo. Hata tungemsimamisha bawabu wa kiwanda angeshinda. Kisha kiwanda kikafungwa. Wahandisi wa Kihindi wakanunua nyumba upande wa kusini, familia za Kimeksiko zikaingia katika fleti za kando ya reli, wauguzi wa Kifilipino wakaijaza barabara iliyo nyuma ya hospitali. Chaguzi tatu zilizopita: tulishinda kwa kura elfu moja na mia tisa, tukashindwa kwa elfu tatu, tukashindwa kwa mia nane. Wastani wa umri katika kata ya Revati ni miaka thelathini na saba. Katika kata yangu ni sitini na mmoja. Watu wangu hupiga kura kwa uaminifu mpaka wanapokufa. Tatizo ni kwamba wanakufa.

Sitakubali kunyang'anywa kata. Mke wangu Lorraine alifariki miaka minne iliyopita. Binti yetu yuko Oregon na hupiga simu kila anapokumbuka. Nikiondolewa kata, nabaki na nyumba ya vyumba vitatu na supu ya jirani yangu Bernadette kila Jumapili.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya msajili wa kaunti kuchukua nakala mpya ya daftari la wapigakura. Kata yangu ina majina 611.

Watu hawaelewi jambo moja, na ujinga wao ndio mtaji wangu. Uliyempigia kura ni siri yako na Mungu wako. Lakini kama ulipiga au hukupiga, hiyo si siri. Imeandikwa katika daftari, na mtu yeyote mwenye kitambulisho na subira anaweza kulisoma.

Mfano: Bwana Hutchins wa nyumba namba 9, Mtaa wa Linden. Bendera kubwa mlangoni. Kila Julai hutuhutubia juu ya wajibu wa raia huku akichoma soseji. Nimeangalia. Chaguzi nne zilizopita: hakupiga, hakupiga, hakupiga, hakupiga.

Nilicheka peke yangu ndani ya gari mpaka msichana wa maegesho akaniuliza kama ninajisikia vizuri.

Ndipo wazo likaja. Barua. Kila nyumba ya Linden, ambao ndio mtaa wangu mvivu kuliko yote, itapata ukurasa mmoja wenye majina ya majirani wote na rekodi yao. Alipiga. Hakupiga. Hakuna tusi. Hakuna shinikizo. Ni ukweli tu, kwa safu zilizonyooka. Aibu itafanya kazi iliyobaki.

Revati ana simu. Mimi nina aibu ya binadamu. Tutaona.

Ijumaa, 21 Oktoba

Siku nzima na printa. Nyumba thelathini na nane, kurasa thelathini na nane. Nimeusoma utangulizi mara nne, kila koma mahali pake. Kichwa: "Mtaa wa Linden: Nani Alitimiza Wajibu?" Majina sikuyasoma. Majina yalitoka kwenye daftari lenyewe, na daftari ni hati ya serikali.

Kuweka karatasi katika sanduku la barua la mtu ni kosa la jinai, kwani sanduku ni la posta peke yake. Kwa hiyo nitazipitisha chini ya milango kesho alfajiri. Moja nitaipitisha chini ya mlango wangu mwenyewe, ili mtu asiseme nimejipendelea.

Jumapili, 23 Oktoba

Leo supu haikuja.

Lazima niandike kwa utaratibu.

Bernadette Wojcik ni jirani yangu wa ukuta. Ana miaka sitini na minane, ni mjane, na hajakosa uchaguzi tangu alipoolewa. Kadi yake ni nyeusi tupu, nzuri kama ukurasa wa Biblia. Hunipeleka kwa daktari wa macho. Ana ufunguo wangu wa akiba. Tangu Lorraine afariki huniletea supu ya shayiri kila Jumapili saa saba, katika sufuria ya bluu, na hukaa mpaka niimalize kwa sababu anajua nisipoangaliwa nitaimwaga.

Leo saa saba alikuja bila sufuria. Alikuwa na barua yangu mkononi. Nilimkaribisha, nikamwuliza kama amesoma rekodi ya Hutchins. Aliweka karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari ulio chini ya jina lake.

Kazimierz Wojcik. Alipiga. Alipiga. Hakupiga. Hakupiga.

Kaz. Mwanawe wa pekee. Mwanafunzi wangu wa darasa la saba, wa safu ya mbele, aliyeandika insha ya kurasa tisa kuhusu mkasi. Nilimwandikisha kuwa mpigakura mimi mwenyewe, barazani kwangu, siku alipotimiza miaka kumi na minane, na Bernadette akakata keki. Miaka miwili iliyopita, mwezi Januari, gari lake liliteleza kwenye barafu pale penye daraja la reli. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Nyumba thelathini na nane zimearifiwa kwamba hakutimiza wajibu.

Nilimwambia kwamba kosa ni la daftari. Nilimwambia kwamba mtu akifa jamaa hupaswa kujaza fomu ya kumwondoa, na kwamba fomu hiyo haikujazwa. Kwa nini nilisema hivyo? Ni kweli, lakini kwa nini?

Bernadette alisema fomu anayo tangu siku za mazishi, iko kwenye droo ya vijiko. Alisema kila akiitoa huishia kupanga vijiko.

Kisha akasogeza kidole mpaka chini ya ukurasa, kwenye nyumba yangu.

"Na huyu, Harlan? Huyu naye ni mimi niliyesahau fomu yake?"

Lorraine Vogt. Hakupiga. Hakupiga. Hakupiga. Hakupiga.

Sikuwa nimeuona mstari huo. Miaka thelathini na mmoja nimewaondoa marehemu wa kata hii mmoja mmoja, wakati mwingine kabla maua hayajanyauka. Wa kwangu nilimwacha. Sikusahau. Nilikuwa nikisema wiki ijayo.

Aliondoka. Nilikula biskuti.

Jumatatu, 24 Oktoba

Kosa huwa baya likiachwa. Kosa lililosahihishwa hufutika. Hivyo ndivyo nilivyofundisha miaka yote.

Nimeandika barua ya marekebisho, nyumba zote thelathini na nane. Fupi, ya heshima: "Katika barua iliyotangulia, Kazimierz Wojcik ameonyeshwa kuwa hakupiga kura katika chaguzi mbili. Tunapenda kufafanua kwamba alikuwa na udhuru, kwa kuwa amefariki. Tunasikitika kwa usumbufu."

Nimezipitisha chini ya milango saa kumi na mbili asubuhi.

Saa tatu Gus alipiga simu. Aliuliza kama nimerukwa na akili. Alisema mtu ameipiga picha barua na kuiweka kwenye ukurasa wa mtaa mtandaoni, na kwamba tayari watu mia mbili wametoa maoni. Nilimwuliza kama kuna aliyelalamikia lugha. Alikata simu.

Saa nne Hutchins alisimama barabarani mbele ya nyumba yangu, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka namba 30 kwamba kama ninataka kujua kwa nini hapigi kura, nijitazame kwenye kioo.

Saa tano Revati alituma ujumbe: je, ninahitaji msaada wowote? Unafiki huo! Sikujibu.

Mapazia ya Bernadette yamefungwa.

Jumatano, 26 Oktoba

Amekuja! Saa nane mchana, kwa mlango wa nyuma, kama zamani. Bila sufuria, lakini amekuja.

Alikaa kwenye kiti cha Lorraine. Alisema hasira imemwishia kwa sababu amechoka kuibeba. Alisema amefikiri usiku kucha, na labda barua yangu ya kipumbavu imemfanyia lile ambalo hakuweza kujifanyia. Ameitoa fomu ya Kaz kwenye droo. Hajaijaza, lakini imetoka.

Akasema, "Twende wote, Harlan. Ijumaa. Wewe na ya Lorraine, mimi na ya Kaz. Tuwatoe siku moja, halafu tukale keki pale walipokuwa wakipenda. Peke yangu siwezi, na wewe peke yako huwezi. Miaka minne nakutazama huwezi."

Ninaandika hapa kile nilichopaswa kusema: ndiyo.

Lakini wakati akizungumza nilikuwa tayari nimechukua penseli. Ni mazoea. Majina 611, toa mawili, ni 609. Waliojitokeza wakiwa walewale, na daftari likipungua, asilimia inapanda! Sikuwahi kuliwazia hilo. Miaka yote nimehangaika kuwaongeza wanaopiga, kumbe ningeweza kuwapunguza wasioweza!

Nikamwambia, na nilikuwa na furaha ya kweli, "Bernadette, unajua hawa wawili watatupandisha kwa karibu moja ya tano ya asilimia?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la kitu.

Akasimama. Akasema Ijumaa atakwenda peke yake. Mlango hakuufunga, na mimi sikuufunga, mpaka majani ya mti wa jirani yakaingia jikoni.

Ila hesabu ni sahihi. Nimeirudia.

Alhamisi, 27 Oktoba

Siku ya marehemu.

Nilianza saa mbili asubuhi na kadi zote zenye umri wa zaidi ya miaka themanini. Kazi ngumu. Mtu hugonga mlango, na hawezi kuuliza moja kwa moja. Nilibuni maneno: "Habari za asubuhi, ninahakiki orodha. Je, Bi fulani bado anaishi hapa?" Huko kwa akina Lindqvist binti alilia, kwa hiyo nilijua. Huko namba 41 Barabara ya Elm, nilimwuliza mzee aliyefungua mlango kama Bwana Ferrante alifariki kwa amani. Akasema yeye ndiye Ferrante. Akauliza nimesikia nini, na kutoka kwa nani, kwa sababu kesho anakwenda kupimwa moyo. Nikamtakia heri na kumkumbusha tarehe 8.

Mpaka saa sita nilikuwa na sita halali, kila mmoja na tangazo lake la kifo kutoka gazetini.

Sheria inaruhusu mkuu wa kata kumwondoa marehemu yeyote akiwa na tangazo la gazeti. La Kaz nilikuwa nalo. Nimelihifadhi katika kamusi yangu kubwa tangu ile Januari, kwa sababu linataja insha ya mkasi.

Nilifikiri hivi: Bernadette amesema peke yake hawezi. Amesema mwenyewe. Nikimfanyia mimi, nitakuwa nimemwondolea mzigo. Kesho ataamka na jambo limekwisha. Nilijisikia mwema, jambo ambalo lilipaswa kunitahadharisha.

Ofisi ya msajili, dirisha la tatu. Karani kijana, nadhifu, mwandiko mbovu. Fomu saba. Aligonga muhuri mara saba. Daftari la Kata ya 22: majina 604.

Fomu ya nane ilikuwa ya Lorraine. Nilikuwa nimeijaza vizuri: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ile nyingine. Ilibaki sahihi. Karani aliuliza kama hiyo nayo ni yangu. Nilimwambia hiyo haijawa tayari. Akasema inaonekana tayari. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Imo ndani ya koti.

Jumatatu, 31 Oktoba

Sikukuu ya Halowini, usiku wa watoto kuvaa kama mizimu na kuomba peremende mlango kwa mlango. Nimenunua kilo tatu za peremende, zile za karanga, na kwenye kila moja nimefunga kikaratasi kidogo chenye tarehe 8 Novemba na mahali pa kituo. Mpango: watoto watakula, wazazi watasoma.

Saa kumi na moja jioni taa ya barazani imewashwa. Kundi la kwanza lilipita upande wa pili wa barabara. Kundi la pili, mama mmoja aliwashika watoto wake mabega na kuwageuza, mzimu mmoja na nyuki wawili, pale penye kona ya ua wangu. Saa moja nilikuwa nimekula peremende kumi na moja.

Aliyegonga hatimaye alikuwa Revati. Bila vazi la sikukuu. Nilimwambia kwamba kata yake iko ng'ambo ya barabara kuu. Alisema anajua iliko kata yake.

Alisema Ijumaa alikuwa ofisi ya msajili kupeleka majina ya mawakala. Aliona mwanamke amesimama dirisha la tatu, na karani akimweleza jambo mara mbili, mara tatu. Jina la Wojcik alilitambua kutokana na ile picha ya barua mtandaoni. Bernadette.

"Alikuwa amevaa koti la kanisani, mzee. Fomu anayo mkononi, imeshajazwa. Karani anamwambia hilo jina halipo, limetolewa jana, na anamwonyesha sahihi yako. Yule mama akauliza kama anaweza kumrudisha kwa dakika tano tu, amtoe mwenyewe. Karani akasema mfumo haukubali."

Nilisema nilitaka kumpunguzia mzigo.

Revati alisema, "Mzee wangu, ule haukuwa mzigo wako." Kisha akasema niende nikamwombe radhi, leo, na nisipeleke karatasi yoyote.

Nilimpa peremende. Alisoma kikaratasi, akakirudisha.

Sikwenda. Siku nane kabla ya kura si wakati wa mambo binafsi. Isitoshe Revati ni mshindani, na ushauri wa mshindani hupimwa kwanza.

Jumanne, 8 Novemba

Siku ya uchaguzi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nje ya shule ya msingi ambako kata yangu hupigia kura, nyuma ya koni za bluu ambazo watu wa vyama hawaruhusiwi kuzivuka, kama sheria inavyodai. Kiti cha kukunja, themosi, maboksi manne. Mvua nyembamba. Kila aliyeingia nilivuta kadi yake na kuweka alama.

Watu wa Linden walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Hutchins alikuja na mkewe, wana wawili na shemeji. Aliniambia amekuja kunipigia kura ya hapana. Nilimweleza kwamba mimi si mgombea. Akasema anajua, atampigia hapana yeyote ninayemtaka. Niliweka alama nyeusi. Kwa shindano letu ni sawa.

Ferrante alikuja akitembea na fimbo. Moyo ni mzima. Aliomba nimwandike kwamba bado yuko.

Saa tisa niliona kasoro. Bernadette hajaja. Kila uchaguzi huja saa tatu kamili, baada ya misa ya asubuhi. Saa kumi nilikunja kiti na kwenda.

Gari lake lilikuwepo. Redio ilikuwa inaongea. Nilibonyeza kengele mara tatu. Nilisema kupitia mlangoni kwamba kituo kinafungwa saa moja, kwamba nitamwendesha mimi ingawa macho yangu jioni hayafai, kwamba rekodi yake ni ya miaka arobaini na tano na si vizuri kuiharibu kwa hasira ya wiki mbili. Nilisema kwamba Kata ya 23 wanakwenda kasi.

Redio ikazimwa. Nikasikia hatua zake zikija mpaka kwenye mlango, zikasimama. Alikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia akipumua.

"Mwaka huu andika hakupiga," akasema.

Nilingoja. Redio ikarudi.

Nikaandika.

Alhamisi, 17 Novemba

Hesabu rasmi zimetoka. Mgombea wetu wa Kongresi ameshindwa kwa kura elfu mbili na mia moja. Gus anailaumu mipaka. Mimi ninailaumu tafsiri yake ya mipaka, lakini hilo si la leo.

La leo: Kata ya 23, waliojitokeza 412 kati ya 655. Kata ya 22, waliojitokeza 380 kati ya 604.

Gus alipiga kikokotoo chake akasema 62.9 na 62.9, sare, tupige sarafu. Nilisimama. Nilimwomba aende tarakimu moja zaidi, kama watu waliosoma. Akaenda. Kata ya 23: 62.90. Kata ya 22: 62.91.

Ushindi!

Hakuna aliyepiga makofi, lakini chumba kile kina mwangwi mbaya.

Nyumbani nilifanya hesabu ya pili, kwa udadisi tu. Kama Kaz angebaki katika daftari, tungekuwa na majina 605. Tungepata 62.81. Tungeshindwa. Kwa hiyo ni Kaz aliyenipa kata. Mwanafunzi mzuri mpaka mwisho. Niliona ni jambo ambalo mama yake angependa kulijua, nikamwandikia kwenye kadi, nikaipitisha chini ya mlango.

Revati alinipa mkono. Mkono mkavu, wa heshima. Alisema ataniachia simu yake yenye kata nzima ya 23 ndani. Aliomba kitu kimoja tu, nisiwaandikie watu wake barua. Nilimwambia nitalifikiria.

Jumapili, 20 Novemba

Saa saba. Nilikuwa nimeandaa bakuli.

Saa saba na robo kitu kilipita chini ya mlango. Bahasha. Ndani kulikuwa na ufunguo wangu wa akiba na kadi yangu ya Alhamisi, imekunjwa mara mbili. Hakuna maandishi yake, hata jina. Nilifungua mlango haraka, lakini alikuwa ameshafika kwake, na kwenye uwanja wake nikaona bango ambalo asubuhi sikulizingatia. Nyumba inauzwa.

Nikafungua supu ya kopo. Chumvi tupu. Niliimwaga, na hakuna aliyeniona.

Mchana nimepanga kadi za kata mpya. Maboksi sasa ni nane na meza imejaa. Nyumba ya Bernadette: mpigakura mmoja, anahama. Mnunuzi atakuwa kijana, pengine na watoto, pengine kutoka upande wa kusini. Wakati wa kumwandikisha ni siku ileile anayoshusha makochi, kabla hajachoka.

Lakini bado hajahama. Uchaguzi wa mji ni Aprili, na nyumba siku hizi hazinunuliwi upesi. Nimelitazama tatizo kwa utulivu nikaliona lilipo. Barua ile ya kwanza ilikuwa ya jumla mno. Nyumba thelathini na nane ukurasa mmoja! Mtu hawezi kuguswa hivyo. Inatakiwa barua ya mtu mmoja, kwa mkono, kwa wino.

Nimeianza. "Mpendwa Bernadette, kwa miaka arobaini na tano ulipiga kura bila kukosa. Tarehe 8 Novemba hukupiga." Kisha nimemwekea safu, mstari kwa mstari, nyeusi zote na ile moja nyekundu mwishoni, ajionee mwenyewe jinsi inavyochoma macho. Kesho alfajiri itapita chini ya mlango.

Fomu ya Lorraine nimeitoa kwenye koti, kwa sababu koti linakwenda kwa dobi. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko, kisha nikapanga vijiko. Kadi yake imerudi mahali pake, herufi V, boksi la nne. Hajapiga mara tano mfululizo sasa. Lakini rekodi yake ya nyuma ni safi, na uzoefu wangu ni kwamba wapigakura wa namna hiyo hurudi, wakifuatiliwa mapema.